Ua Lililobaki Keringet

Kazi yangu hapa Nakuru ni kubandika mimea iliyokaushwa kwenye karatasi ngumu na kuandika kando yake ilichumwa wapi na ilikuwa ikiota mahali gani. Ni kazi ya kimya na mimi ni mtu wa makelele, kwa hivyo huwa naongea na mimea. Siku moja nilitoa kabatini ua dogo la zambarau, la zamani mpaka limegeuka rangi ya chai. Maandishi yake yalisema lilichumwa kwenye uwanda wa nyasi juu ya Keringet, karibu na msitu. Nikacheka peke yangu. Huko ndiko kwetu, na tangu nipate akili sijaona uwanda wowote. Nimeona viazi.

Mkuu wangu hakucheka. Kila mahali pengine ua hilo lilipowahi kuchumwa, watu walikuwa wamerudi wakalikosa. Nikamwambia nitamuuliza mama.

Mama alilijua kabla sijamaliza kueleza. Alisema ni lile gugu ambalo baba alipigana nalo kwa jembe maisha yake yote, na sasa limeota juu yake. Kwetu kaburi liko shambani, na hakuna anayelima hapo wala kulisha ng'ombe, kwa hivyo nyasi za zamani zilirudi na ua likarudi nazo. Nilipofika Jumamosi nikaona mashina machache upande wa kichwa, yanatikiswa na upepo. Nilifurahi kama mjinga. Halafu nikaona mifuko ya simiti kando ya ghala.

Mama alikuwa ameita fundi. Kaburi lingejengewa Jumatatu, na vigae juu. Nikaanza kumweleza habari za ua polepole, kwa sauti ile ya ofisini, na nilijichukia nikijisikia. Yeye aliendelea kumenya viazi. Nikamwomba angoje kidogo tu, mbegu zikomae nizichukue.

"Sisi tumefukuzwa hapa mara ngapi?" akauliza. "Kaburi ya nyasi mtu analima tu, anasema hakukuwa na mtu. Ya simiti ataogopa."

Nilikuwa mtoto tulipofukuzwa tukakaa chini ya turubai kule Elburgon, na nakumbuka baba akituhesabu kila jioni kwa kutugusa vichwa. Mama alikuwa anazungumza juu ya hayo, na mimi nilikuwa nazungumza juu ya ua. Nilikasirika sana, na sikujua nimkasirikie nani.

Hatukupatana, tuligawana. Shina moja nililing'oa na mizizi yake, nikalilaza ndani ya magazeti kati ya mbao mbili, na mama mwenyewe akazikalia ili libanwe vizuri. Yale mengine aliyahamishia nyuma ya jiko, akayamwagilia maji, yeye aliyekuwa akiyaita magugu. Jumatatu fundi akachanganya simiti. Mama alisimama pale mpaka kigae cha mwisho, na nikaona mabega yake yameshuka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kumwonea uchungu na kumfurahia vilinijia pamoja.

Alinipigia simu baada ya mvua. Akauliza kama nimekula, akanipa habari za ng'ombe.

"Yale ya jikoni yamekataa," akasema. "Nimejaribu, mtoto wangu."

Nikamwambia si kitu, na haikuwa kweli. Nikaenda kabatini nikaitoa karatasi niliyobandika lile shina la kaburini na kuilaza mezani karibu na ile ya zamani. Utaratibu wetu ni kupangusa udongo wote kwenye mizizi kabla ya kubandika, na mkuu wangu ni mkali kwa hilo. Alipita nyuma yangu, akainama, akasema kwamba mmea huu sikuupangusa mizizi.

"Huo ni udongo wa baba," nikamwambia.