Mtani Aliyekuja na Kilio

Mama alipoacha kula, mimi ndiye niliyegeuka askari wa nyumba. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi: damu yake ni chache, na asipokula ikapanda, hawatampasua, na asipopasuliwa, uvimbe ule hautamsubiri. Tulipewa wiki mbili. Ya kwanza ilikwisha akiwa amegeukia ukutani.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nilimuuliza, nikambembeleza, nikamfokea, kisha nikaenda jikoni kulia. Niliogopa kila kitu: simu ya kaka yangu kutoka Igunga, kikohozi cha mama, hata ukimya wake. Nikapiga marufuku redio, wajukuu na vicheko. Wanajumuiya walikuja kila alasiri na rozari zao, wakasali kwa sauti za matanga. Nami nilisali nao, midomo tu, maana moyoni nilishaanza kupanga nani atalala wapi siku ya msiba.

Siku ya tisa kilio kikalipuka getini. Alikuwa jirani yetu wa hapa Chemchem, Mzaramo, muuza samaki, rika la mama. Kajifunga kanga kiunoni, kajipaka majivu usoni.

"Mnyamwezi wangu kafa! Uwiii! Sufuria zake nirithi mie, na kitanda, na yule jogoo!"

Utani naujua. Babu zetu walipita kwao wakienda pwani na mizigo mabegani, na tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata makaburini, wala hakuna ruhusa ya kukasirika. Mimi nilikasirika. Sikumpa hata shikamoo. Nilimshika mkono nimtoe nje.

"Mama mdogo, tafadhali ondoka. Humu ndani kuna mgonjwa."

Hapo sauti ya mama ikatoka chumbani, kavu, sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema.

"Mwacheni huyo mtumwa wangu aingie. Nani kamwambia jogoo ni wake?"

Nikamwachia mkono. Tusi la mtani lisipojibiwa, umeshindwa, na mama hakuwa mtu wa kushindwa na Mzaramo. Walirushiana maneno nusu saa nzima. Mtani akaagiza ugali na mlenda, akamega tonge, akamsogezea mdomoni.

"Kula, weye! Jeneza lako nitabeba mie. Likiwa jepesi, watu watasema nimeiba maiti."

Mama akacheka. Akala. Nilisimama mlangoni na aibu yangu na furaha yangu, na hofu bado ipo palepale, nikiogopa hata kukohoa asije akaacha kutafuna.

Alipotoka nilimfuata mtani nimwombe radhi. Nikamkuta nyuma ya jiko, kaficha uso kwenye kanga, majivu yamechuruzika na machozi.

"Usimwambie," alisema. "Umeiona mikono yake ilivyokwisha? Nikimzika huyu, nani atanitukana mie?"

Nikaketi chini kando yake. Yeye akainua viganja akaomba dua yake, mimi nikaanza Salamu Maria, na kwa mara ya kwanza katika siku zote zile niliyasikia maneno niliyokuwa nikiyatamka. Hatujafika amina, mama akapaza sauti kutoka ndani, kwa hasira, akiuliza ni nani kaumaliza mlenda wake.