Dirisha Nililompachikia Mama Yangu

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijapata ujanja wa kulizungusha, maana kwa kuzungusha maneno mimi ni hodari, kazini wananijua. Jina langu niachieni. Ofisi yangu iko Kasulu mjini, nyumba ninayoisema iko Busunzu, upande wa Kibondo, na nikiongeza neno moja tu mtaijua, kwa sababu pale kijijini ndiyo nyumba pekee iliyovishwa vigae vya mawe ukuta wote wa mbele.

Ndiyo, vigae! Ujinga wangu ulianzia hapo hapo.

Nyumba aliijenga marehemu baba kwa tofali za kuchoma. Mama anaishi humo na Neema, mtoto wa dada yangu, anayemsaidia kazi. Miguu ya mama imekwisha, hatembei zaidi ya kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake. Basi mimi, mtoto wa kwanza, mwenye mshahara, nikasema nitamtengenezea mama yangu nyumba. Unadhani nilianza na nini? Choo cha ndani kwa ajili ya ile miguu? Thubutu! Nilianza na ukuta wa mbele, ule unaoonekana kutoka barabarani.

Vigae vikatoka Kigoma, vikabandikwa hadi kwenye kingo za madirisha. Nikapiga picha, nikaweka kwenye stetasi yangu, hongera zikamiminika. Ila mtu mmoja akaandika, "Hayo madirisha ya mbao vipi tena, bosi?" Jamani, sentensi moja hiyo! Ilinikera kuliko ugonjwa.

Sasa nikueleze dirisha la chumba cha mama, kwa sababu wewe hulijui, na mimi nililijua nikajifanya silijui. Lilikuwa la mbao, milango miwili inayofungukia nje. Kiti cha mama kiko pale pale, na njia ya kwendea sokoni inapita karibu kabisa. Kwetu Buha salamu siyo neno moja ukapita. Unasimama, unapiga makofi taratibu kwa heshima, unauliza walivyolala, watoto, mbuzi, maharage. Mama hakuwa akienda popote, lakini alikuwa akisalimiana na kijiji kizima bila kuinuka kwenye kiti. Habari ya msiba aliipata kabla ya mwenyekiti wa kitongoji.

Na kila asubuhi alikuwa anakuja Mama Yusta. Huyu alitoka Burundi zamani na mtoto mgongoni, akapata kiwanja jirani yetu, akawa raia, akazeeka pale pale. Alikuwa anaingiza mkono dirishani, mama anaushika, na wanaongea hivyo hivyo wameshikana mpaka jua lianze kuchoma. Macho ya Mama Yusta yalikuwa yanafifia, miguu ya mama imekufa, basi mmoja alikuwa anamletea mwenzake habari za njiani, na mwingine anamwambia nani anapita.

Nikamleta fundi wa alumini kutoka Kasulu. Kijana mchangamfu, mdomo mwepesi, simu haimtoki sikioni. Akapima, akagonga gonga, akaniambia:

"Bosi, hapa kuna njia mbili. Ya kwanza, tunang'oa fremu yote ya mbao, tunabaki na tundu la ukuta, tunaweka alumini saizi ile ile. Dirisha linakuwa jipya kabisa. Ila hivi vigae vya pembeni vitavunjika, hakuna namna."

"Na ya pili?"

"Fremu ya mzee tunaiacha, alumini tunaipachika ndani yake, tunaziba na silikoni. Kigae hakiguswi hata kimoja. Ila dirisha litapungua kila upande, na hii fremu naona imekaa upande kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Si unajua nyumba za zamani, bosi wangu."

Ya pili! Nilichagua kabla hajafunga mdomo. Nivunje vigae vyangu, mimi? Mama akasikia kutoka ndani, akaniita.

"Mwana wanje," akasema, ndivyo anavyoniita, mwanangu, "hili langu liacheni. Linafunguka vizuri."

"Mama, tunakuwekea la kisasa."

"La kisasa linafungukaje?"

Mimi nilikuwa tayari nachagua kioo. Fundi alinionyesha cha giza chenye kung'aa, akasema mjini wote wanaweka hicho: ukiwa ndani mchana unawaona walio nje, wao wakitazama wanajiona wenyewe. Nikaona hicho ndicho hasa, mama awaone watu bila watu kumchungulia. Nilifurahi kana kwamba nimemnunulia gari!

Kazi ikaisha vizuri. Vigae vizima, vioo vinameta, ukipita na basi unageuza shingo. Mlango wa mbele nao nikaagiza ukae umefungwa, tope lisiingie, watu wapite nyuma. Nikapiga picha nyingine.

Jumamosi moja nikaenda kuwatembelea. Nimesimama chini ya mparachichi nikitazama kazi yangu, nikaona akina mama wawili wanatoka sokoni. Wakasimama mbele ya dirisha la mama. Mmoja akaweka kilemba sawa, mwingine akajigeuza kuona mgongo wa gauni lake, wakachekeana, wakaenda. Baada yao akaja dereva wa bodaboda, akatoa kitana mfukoni, akachana nywele bila haraka. Moyo ukanijaa. Nikajisemea, angalia dirisha linavyopendwa!

Nikaingia ndani. Mama yuko kwenye kiti chake.

"Watu wa hapa wamekuwaje siku hizi?" akaniuliza. "Wanasimama hapo, wananikodolea macho, wanacheka, wanaondoka. Nawaambia mwakeye, hakuna anayeitika."

Mtu mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo. Mimi nikamwambia, "Wanaona aibu, Mama. Nyumba yako sasa ina hadhi."

"Hadhi ndiyo inamzuia mtu kuitika salamu?"

Nikaona mama ana upweke tu wa uzee. Nikamletea televisheni! Kweli kabisa, niliibeba kwenye basi, nimeipakata njia nzima. Neema alinisimulia kwenye simu kwamba mtangazaji akisema habari za jioni, bibi anapiga makofi na kumwitikia, kisha anamuuliza watoto hawajambo. Neema alicheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nacheka nini, Mungu wangu!

Mama Yusta mwanzoni aliendelea kuja. Neema alikuwa analisukuma dirisha likafunguka nusu, wakaongea hivyo hivyo kwenye upenyo. Kisha Mama Yusta akaugua kifua, akawa hatoki kwake. Katikati ya siku hizo mvua zikaanza, na unajua mvua za kwetu juu huku, ikianza haiombi ruhusa. Ile fremu ya mbao iliyobaki ndani ya ukuta ikanywa maji, ikavimba, ikaibana reli ya alumini.

"Mjomba," Neema akanipigia, "dirisha la bibi halisogei."

"Sukuma kwa nguvu kidogo."

"Nimesukuma mpaka kiganja kimechubuka. Hata kijiko hakipiti."

"Nitamtuma fundi wiki ijayo."

Wiki ijayo! Ukitaka kunijua mimi ni mtu wa namna gani, shika maneno hayo mawili. Fundi alikuwa na kazi Nyarugusu, mimi nilikuwa na semina, mvua ilikuwa inanyesha, kila mtu ana sababu nzuri. Nikaenda nyumbani mwezi umekatika.

Nilimkuta mama ameweka kiganja kwenye kioo. Hakunigeukia.

"Alikuja," akasema.

"Nani, Mama?"

"Mugenzi wanje. Mwenzangu. Alikuja kuniaga."

Yusta, binti yake, aliyeolewa upande wa Tabora, alikuwa amekuja na gari kumchukua mama yake akamuuguzie kwake. Wamebeba na magodoro. Siyo kutembea, ni kuhama.

"Mvua ilikuwa inapiga bati," mama akaendelea. "Neema yuko sokoni. Akasimama hapo, amevaa kitenge kipya, akanipigia makofi. Nikamwitika. Akanipigia tena. Nikamwita kwa sauti yote niliyo nayo. Nikasukuma hili dude lako, halikwenda. Naye akasukuma kwa nje, ameweka kiganja hapa, nami nikaweka changu hapa hapa. Gari likapiga honi. Akasubiri kidogo, akajifunga kitenge vizuri, akaenda."

Nikamwambia labda Mama Yusta alimwona.

Nikatoka nje. Nikasimama pale aliposimama Mama Yusta, nikatazama dirishani. Nikajiona mimi! Shati la ofisini, kitambi, kalamu mfukoni. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo, bado ni mimi. Nikaita, "Mama, unaniona?" Kimya. Nikaita tena. Nikazunguka nyuma, nikaingia, nikamkuta anahema.

"Nimekuitika mara zote," akaniambia.

Nililia, sitakuficha. Nililia kwenye korido, ili Neema asinione.

Nikatafuta namba ya Yusta, nikaipata. Akampa mama yake simu. Nikajieleza yote, fremu, reli, kioo, nikaongea kama mtu anayejitetea mbele ya baraza. Mama Yusta akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema kwa upole, "mimi sina ugomvi na mama yako. Nilikuja kwenu sina hata chungu, akanipa chake. Nilipoona amenyamaza nikasema basi, nyumba imekuwa nzuri, ana wageni wa aina nyingine sasa."

"Hakunyamaza, Mama! Alikuwa anakuitika!"

"Ego. Umesema ni kioo." Ego ni ndiyo, lakini kuna ndiyo na ndiyo.

Nikampa mama simu, nimefurahi, nikijua sasa watacheka na mambo yataisha. Wakasalimiana. Walisalimiana vizuri mno! Walivyolala, watoto, mvua, mazao, kila kitu kwa mpangilio wake, kwa adabu zote, kama watu waliokutanishwa jana kwenye kikao. Wakashukuriana. Mama akanirudishia simu.

"Amefika salama," akasema. Basi. Miaka yote ile ya kushikana mikono dirishani ikaishia kwenye kushukuriana.

Nilimrudisha fundi. "Ng'oa," nikamwambia. Akauliza, na vigae je? Nikamwambia ng'oa, na ukiuliza tena nashika nyundo mwenyewe. Vigae vikapasuka, vumbi likajaa mpaka kwenye sufuria, fremu ya baba ikatoka vipande vipande, imeoza upande mmoja. Tukaweka dirisha la upana wote, kioo cheupe cha kawaida, milango miwili ya kufungukia nje. Vigae vya aina ile Kigoma havipo tena, kwa hiyo pembeni nimepiga plasta tupu. Ukuta una kovu linaloonekana kutoka barabarani. Stetasi sikuweka.

Siku ile ile watu walianza kusimama. "Kumbe upo!" wakasema. "Tulisikia mwanao amekupeleka Kasulu. Tukasema, mbona hata kutuaga hakutuaga?" Mama anacheka nao, anauliza mbuzi na maharage. Mtu asiyejua angesema mambo yamekaa sawa.

Lakini nimewaambia nimekosa, na sitaki mnipe pole ya haraka haraka. Wewe ndugu yangu unayebadilisha madirisha msimu huu, fundi atakuuliza tung'oe yote au tupachike ndani. Usikimbilie kujibu kwa sababu ya plasta, wala kwa sababu ya rangi, wala kwa sababu ya wanaopita na basi! Ingia ndani kwanza. Kaa kwenye kiti cha yule anayekaa pale kila siku. Muulize dirisha hili linamfanyia nini, kisha ufunge mdomo wako mpaka amalize kukueleza. Na likikwama, usiseme wiki ijayo. Nawasihi, usiseme!

Kule Busunzu mvua inaponyesha, mama hakubali dirisha lifungwe. Maji yanaingia, blanketi linaloa, na yeye kifua chake siyo kizuri. Wiki iliyopita nilikuwepo, nikainuka nilifunge. Akanishika mkono.

"Liache," akaniambia. "Akipita asije akakosa kuniona."

Anajua kabisa Tabora ni wapi.