Bibi Goreth na Mkono wa Kushoto wa Divine

Mapumziko yakifika, wasichana wa timu ya raga ya mtaa wetu hapa Smithfield, Sydney, hawamwendei kocha kwanza. Wanamwendea Bibi Goreth. Anakaa kwenye kiti chake cha kukunja pembeni mwa uwanja, beseni la machungwa yaliyokatwa vipande vinne vinne mapajani, na sharti lake ni moja tu: chungwa lake halipokewi kwa mkono mmoja. Msamoa, Mvietnamu, Mzungu, mtoto wa kwetu, wote wanafuta tope kwenye kaptula, wananyosha mikono miwili na kuinamisha kichwa kidogo. Asiyefanya hivyo hapati. Niliwahi kumwona msichana mmoja mgeni amesimama pale na mkono mmoja hewani, Bibi akimtazama tu, mpaka wenzake wakamnong'oneza.

Mimi ni Kariuki. Nimepanga kile kijumba cha uani nyuma ya nyumba ya Bibi na familia yake, na nafanya kazi ya alfajiri katika bohari moja mtaa wa pili, kwa hiyo alasiri niko huru kujiingiza katika mambo yasiyonihusu. Kenya nilicheza raga shuleni, ile ya wachezaji kumi na watano. Hii ya huku ni ya kumi na watatu, ina sheria zake, na watu wa magharibi ya Sydney wanaipenda kupita kiasi. Nilimaliza mwaka mzima nikiwafundisha waamuzi kazi yao kabla sijatambua kwamba mjinga ni mimi. Bibi hakupiga kelele hata siku moja. Alikuwa anatazama mikono.

"Kariuki, mwana wangu," aliniambia siku moja, "hawa watoto hawaangushi mupira. Umeona? Bale bengine banaangusha. Betu hapana."

Nikadhani ni maneno ya mzee anayejivunia machungwa yake. Nikaanza kuhesabu, maana mimi ni mbishi. Mechi tatu mfululizo nilihesabu mipira iliyoanguka, yetu na ya wapinzani, na ya tatu ilipokwisha nikaikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni. Watoto walikuwa wanaupokea mpira kama chungwa la Bibi. Sijui kama makocha wenye shahada wana jina la jambo hilo.

Bibi ana miaka sitini na nane kwa makaratasi, zaidi ya sabini kwa maneno yake mwenyewe. Ni Mrundi wa Makamba. Alikimbia mara mbili: mara ya kwanza akiwa msichana, mara ya pili akiwa na watoto. Katika kambi za Kigoma alimzika mume na wana wawili, akabaki na kitinda mimba wake, Clarisse, na Clarisse naye akazalia kambini mtoto wa kike, Divine. Walifika Sydney Divine akiwa na miaka sita. Siku hizi Clarisse anawahudumia wazee katika makao yao huko karibu na Campbelltown. Anatoka nyumbani kabla ya jua, kwa hiyo malezi ya Divine yamekuwa ya Bibi tangu mwanzo. Jezi za timu nzima pia ni za Bibi. Mashine ya kufulia anayo, lakini haiamini, na kila Jumapili baada ya kanisa utamkuta uani ameinama juu ya karai, anasugua tope la Smithfield kwa mikono kwanza.

Divine sasa ana miaka kumi na sita. Nyumbani huwezi kusikia hatua zake, anajibu kwa Kiingereza anachoulizwa kwa Kiswahili, na hajawahi kunipa chumvi bila kushika kiwiko chake kwa heshima. Uwanjani ni mtu mwingine. Kazi yake ni kuuchukua mpira, kuwavaa mabeki, na kabla hawajamwangusha kumchomolea mwenzake mpira huo ili mashambulizi yasife. Nimeona wasichana wawili wakimshika kwa pamoja na kuburutwa naye hatua tano.

Basi mwaka huu akaitwa kwenye majaribio ya kikosi cha wilaya cha chini ya miaka kumi na saba. Huo ndio mlango. Ukiupita, kuna kikosi cha chini ya kumi na tisa, na juu yake kuna wale wanawake tunaowaona kwenye televisheni, wanaoishi kwa mchezo. Ukiukosa, hakuna anayekukataza kujaribu tena, lakini wengi hawarudi. Walianza wasichana themanini. Wiki kwa wiki wakapunguzwa, wakabaki thelathini na sita, na mechi ya mwisho ya kuchagua ishirini na wawili ikapangwa Campbelltown, Jumamosi mchana.

Jumanne kabla ya mechi hiyo, kocha wa wilaya alituita pembeni. Anaitwa Mele, mama wa Kisamoa aliyewahi kucheza mwenyewe, mabega mapana, sauti ya upole. Alisema kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria Bibi. Alisema Divine ana mikono mizuri kuliko mchezaji yeyote wa umri wake aliyepata kumfundisha. Lakini kuna kitu. Mabeki wakimbana mkono wa kulia, mpira ukabaki kwenye kushoto, hautoi. Anaukumbatia, anaanguka nao. Mwenzake yuko pale pale, anaita, na yeye hatoi. Timu nyingine zimeshaligundua hilo na zinambana upande huo huo. Kama Jumamosi itakuwa hivyo tena, Mele alisema, hataweza kumchukua.

Mimi, mjuaji, nikadakia palepale. Nikasema ni woga, mtoto anaogopa kukosea, apigwe mazoezi mpaka woga umtoke. Bibi hakunisikiliza.

"Muulize tena," aliniambia. "Mukono gani?"

Nikauliza tena. Mele akainua mkono wake wa kushoto. Bibi akautazama mkono ule, kisha akafunika beseni lake kwa kitambaa, akasema twende nyumbani.

Kesho yake nilimkuta uani anaanika jezi. Nilitaka kupita tu, nikaona mikono yake imeganda kwenye kamba.

"Ni mimi," alisema. "Si woga. Ni mimi."

Ndipo akaniambia. Divine alizaliwa mwenye shoto. Tangu anajifunza kushika kijiko, mkono uliotangulia ulikuwa wa kushoto. Na kambini watu walikuwa na midomo. Walisema mtoto yule hana baba, na sasa hana hata adabu, anawapa watu vitu kwa mkono mchafu. Siku moja, kwenye foleni ya maji, Divine alimpa mama mmoja mfuniko wa ndoo yake kwa kushoto, na mama yule akaacha mfuniko uanguke chini, akageuza uso.

"Nikamufunga," Bibi alisema. "Na kipande ya kitenge. Kila saa ya kula nilifunga ule mukono hapa, kwa tumbo. Mwaka moja. Alikuwa analia, kisha akaacha kulia. Niliogopa, Kariuki. Nilisema atakataliwa fasi yote, kila pahali."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hata kwetu nilifundishwa hivyo hivyo, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza hakutumia kitenge, alitumia rula. Sikuwahi kuliona kuwa jambo la ajabu. Lakini nilipofikiria kwamba ule mkono uliofungwa kambini ulikuwa bado umefungwa katika uwanja wenye taa na kamera Sydney, miaka kumi baadaye, mbele ya makocha na mashine zao za kupimia mbio, niliinuka juu ya ile ndoo.

"Mwambie basi," nikasema. "Mwambie umemruhusu."

"Sikumufundisha kwa mudomo," akajibu. "Kwa mudomo haitatoka."

Jumamosi gari langu lilikuwa gereji, kwa hiyo tukashika treni Cabramatta, sisi watatu. Divine alikaa dirishani na begi lake magotini, roho juu. Bibi alikaa mbele yake. Tulipokipita kituo cha Liverpool alitoa chupa ya chai, akamimina kikombe, akakoroga sukari taratibu. Kisha akakihamishia kile kikombe mkono wa kushoto, akamnyooshea mjukuu wake.

Wewe ambaye hukulelewa hivyo huwezi kuelewa. Nisingeshtuka hivyo hata kama Bibi angevua viatu akacheza dansi kwenye behewa. Divine aliinua mikono yote miwili kama kawaida, akaona, akairudisha magotini.

"Bibi, no," alisema. "That's your left."

"Najua ni kushoto. Pokea."

Hakupokea. Macho yake yalikwenda kwenye kikombe, yakaja kwangu kana kwamba mimi ningejua la kufanya, yakarudi kwenye kikombe. Chai ilikuwa inatoa moshi na mkono wa Bibi ulianza kuchoka, nikaona kiwiko kinashuka. Hapo ndipo mtoto akakiwahi.

"Sasa unirudishie," Bibi alisema. "Na kushoto. Hapana, usishike kiwiko. Moja tu."

Alipounyosha ule mkono, kikombe kilicheza na chai ikamwagika sakafuni. Bibi akakipokea, akampa tena. Akakipokea tena. Glenfield tukaipita, Ingleburn tukaipita, kikombe kinakwenda na kurudi, kushoto kwa kushoto, mpaka chai ikawa ya baridi na hakuna aliyeinywa. Kuna abiria mmoja aliyetutazama kwa mshangao, nikamkazia macho mpaka akarudi kwenye simu yake. Kabla ya kushuka Bibi alimwambia mjukuu wake neno moja la Kirundi. Sikulielewa na sikuuliza. Divine aliuma mdomo, akafuta uso kwa mkono wa jezi.

Nataka kusema kwamba kila kitu kilibadilika palepale. Hakikubadilika. Kipindi cha kwanza walimbana kulia mara tatu, na mara tatu aliukumbatia mpira akaanguka nao. Mele alikuwa anaandika kitu kwenye daftari. Nilimlaani mwamuzi, nikailaani treni, nikajilaani mwenyewe kwa kutumaini. Mapumziko yalipofika Bibi hakuwa na machungwa, maana ile haikuwa timu yake, na alikaa tu na mikono mitupu mapajani. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kumtazama.

Zikabaki kama dakika kumi. Divine alipokea mpira karibu na mstari wa pembeni na wawili wakamrukia. Mmoja alimkumbatia kiunoni, mwingine akaudaka mkono wa kulia akaufungia kifuani pake, kama walivyofundishwa. Nyuma yake msichana mwingine alikuwa anakuja mbio, anaita. Mpira ulikuwa kwenye kushoto. Magoti ya Divine yakaanza kukunjika, na nilifumba jicho moja.

Ule mkono ukatoka. Ukazunguka nyuma ya mgongo wa beki, mrefu, bila haraka, kama mtu anayempa jirani kikombe juu ya ua, na ukauacha mpira hewani. Hakuwa ameangalia. Asingeweza kuangalia, uso wake ulikuwa umezikwa kwenye bega la mtu. Mpira ukatua mikononi mwa yule aliyekuwa anakuja, na yeye hakuguswa na mtu mpaka alipouweka chini nyuma ya mstari wa goli.

Nimekaa bohari miaka minane, nimeona mashine zinazobeba tani mbili kwa kidole kimoja cha dereva. Sijaona kitu kizuri kama kile. Watu uwanjani walitoa ile sauti wanayoitoa kabla hawajajua kama wanashangilia. Ule haukuwa mkono uliojifunza asubuhi ile kwenye treni. Ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua tangu kambini, umekaa kimya miaka yote hiyo unangoja ruhusa.

Alifanya hivyo mara mbili zaidi kabla ya filimbi. Mele alikuwa ameacha kuandika.

Wakaitwa majina katikati ya uwanja, na kila aliyeitwa alikabidhiwa fulana ya mazoezi ya kikosi. Walikuwa wameshaitwa kumi na tisa nilipolisikia jina la Divine, likitamkwa vibaya, na sikujali. Alikwenda, akaipokea fulana yake kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, na nikaona Mele anacheka.

Kisha akaja moja kwa moja kwetu. Alisimama mbele ya kiti cha Bibi, tope limemkaukia hadi masikioni, akaitoa ile fulana kwa mkono wa kushoto. Mmoja tu, bila kushika kiwiko.

"Bibi," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiendelea kwa Kiswahili. "Hii ni yako. Utaifua."

Bibi aliinuka. Magoti yake ni mabovu na nilimkimbilia nimshike, akanisukuma pembeni. Akainama mbele ya mjukuu wake, vile sisi tunavyoinama tukipokea kitu kwa mkubwa, akanyosha mikono yote miwili, akaipokea.