Kufuli Lililowafungia Nje Watu wa Buluk

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipojiona fundi kuliko mafundi wote wa Juba. Ilikuwa miaka ile ya mkataba wa amani. Watu walikuwa wakirudi kutoka kambi za Uganda na Kenya, na shirika letu dogo liliwasaidia kutafuta ndugu waliopotezana nao vitani. Mimi, kijana kutoka Kisumu, nilitunza seva yetu, kompyuta kuu ya shirika, pale mtaa wa Hai Jalaba, na majina yote yalikuwa humo.

Basi nikagundua kwamba watu nisiowajua, wa mbali huko, wanaibishia hodi seva yetu kutwa kucha, wakibahatisha maneno ya siri. Damu ikanichemka. Nikaweka sheria: ukikosea neno la siri mara tatu, anwani yako ya mtandao inafungwa, tena milele. Sikumwuliza mtu. Nimwulize nani, na mjuzi ni mimi? Ee Mola, ujana!

Sasa sikiliza. Ofisi yetu ya pili ilikuwa Buluk, mtaa mwingine humo humo Juba, na wote pale walitumia dishi moja la setilaiti. Kwa seva, ofisi nzima ilikuwa anwani moja. Asubuhi iliyofuata Mama Poni, karani mkuu wa Buluk, alikosea neno lake mara tatu, maana vumbi lilikuwa limekwamisha kibodi yake. Wote wakafungiwa nje. Na mbele yake ameketi mama aliyemtafuta bintiye kwa miaka sita. Jibu lilikuwa limefika: mtoto yuko mji wa Yei, kwa nani, mtaa gani, yote yamo ndani ya seva. Gari la Yei lilikuwa linaondoka saa sita, na lingine halikuwepo hadi juma lililofuata.

Simu hazikushika. Mama Poni hakulia wala hakulaani. Alimpeleka yule mama stendi, akamketisha kiti cha mbele, akamwambia dereva, "Huyu hatoki hapa, na wewe hutoki bila karatasi yake." Kisha akapanda bodaboda hadi kwangu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nilitarajia matusi. Akaniuliza tu, kwa Kiswahili chake cha kambini Uganda, "Mtoto yangu, wewe iko nafunga mwizi ama iko nafunga sisi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikafungua, nikachapisha karatasi yenye mtaa na jina la aliyekaa na mtoto. Akingoja, akaniambia, "Askari ya geti yetu, mtu akikosea jina, anamwambia kaa kwa benchi kwanza. Hapigi yeye risasi. Na sisi anatujua kwa sura. Akienda kula, anaachia mtu funguo."

Akaondoka mbio. Dereva alikuwa amefura kwa hasira, lakini alikuwepo. Juma lililofuata yule mama alikuja ofisini amemshika bintiye mkono. Nililia mbele za watu, na sioni aibu kukuambia.

Nilikuwa nimesharekebisha sheria yangu: mgeni akikosea mara tano, afungiwe kwa muda wa saa moja tu, anwani za ofisi zetu zisifungwe kamwe, na Mama Poni ajue kufungua mwenyewe. Alijifunza kwa mchana mmoja! Tangu hapo nimefanya kazi na wenye shahada zao, lakini kichwa kama kile sijakiona tena.

Mwanangu, funga mlango wako. Wezi wapo, na kuwaachia wazi ni ujinga. Lakini kujikwaa si kuanguka, na mtu wako akikosea mara tatu bado ni wako. Kabla hujaweka kufuli, kaa na wanaoutumia mlango ule, uwaulize wanaingiaje. Kuuliza si ujinga. Na funguo usibaki nazo peke yako, hata kama unajiona mjuzi kiasi gani.

Mungu akupe jicho la kumtambua mwizi. Na siku utakapomfungia nje mtu wako, maana utamfungia tu, akuletee mtu kama Mama Poni, akugongee mapema.