Nilifumua mkeka wa kuzikiwa wa bibi yangu ili nichore tablo

Wakuu, salamu kutoka Uvira, huku kaskazini mwa Ziwa Tanganyika.

Haya ninayoandika hayana chumvi. Ningefurahi yangekuwa nayo.

Mimi ni mchoraji. Chakula nakipata kwa kuandika mabango ya maduka hapa Kimanga, ila roho yangu iko kwenye abstract: rangi na mistari tu, hakuna mtu, hakuna mlima. (Najua, mtasema hata mtoto wa chekechea anaweza. Semeni tu, nimezoea.)

Mistari yangu yote ilitoka kwenye mikeka ya bibi yangu mzaa baba. Alisuka kwa mafunjo ya bonde la Ruzizi, mengine akiyatia weusi kwa tope, mengine wekundu kwa magome.

Kwetu, mwanamke msusi hujisukia mkeka wake wa mwisho. Anauviringisha, anauweka juu ya kabati, na siku akifa anafungwa humo. Wa bibi ulikuwa tayari miaka mingi.

Nilipopata nafasi ya kutundika tablo, yaani picha yangu, kwenye exposition moja hapa mjini, nikamwomba aniazime niuchore. Alisita, kisha akanipa.

"Minye nilisuka hii juu ya siku ya kunizika," aliniambia. "Utairudisha."

Nikamwahidi wiki mbili.

Sasa, ule mkeka ulikuwa na mstari mweusi ulionitesa. Unapita chini ya nyekundu mbili, unapotea, unaibuka mbali kidogo. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Wapi.

Nikafumua pembe moja nione njia yake. Halafu na ya pili. Wakuu, ukishaanza hujui pa kuachia. Kufika jioni, mkeka mzima ulikuwa mafunjo matupu sakafuni.

Tablo ilitoka safi. Nikajidanganya kwamba bibi atausuka upya, wakati vidole vyake vilishakakamaa na hata kikombe alikishika kwa mikono miwili. Nilijua hilo. Chai tulikuwa tunakunywa wote.

Kila Jumapili nikienda kumwona kwake, mtaa wa Kalundu, aliniuliza mkeka wake uko wapi. Kila Jumapili nilimjibu, "Iko kwangu, Koko. Iko muzuri."

Miezi minne hiyo.

Alifariki Jumanne asubuhi. Shangazi yangu akaja kwangu kuuchukua mkeka, nami nikamfungulia gunia la mafunjo.

Alikaa chini, tukajaribu kuusuka sisi wawili hadi saa sita mchana. Naye hakuwahi kujifunza. Mwishoni aliinua macho kwenye tablo ukutani.

"Weye umechora mugongo yake," alisema. "Hii upande njo inaangaliaka chini."

Kumbe bibi aliuviringisha uso ukiwa ndani, na mimi niliutundika kinyume tangu siku ya kwanza. Nilichochora chote ni upande wa kulalia udongo. Ule wa juu, hakuna aliyebaki anayeujua.

Tulimzika ndani ya shuka jipya la dukani. Nilishika pembe moja, likawa linateleza mikononi. Naona aibu hata kuandika hili.

Exposition ilifanyika. Watu waliisifu tablo, mimi nilitamani waondoke tu.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekijua kwa kuchelewa. Kama bibi yako bado anasuka, kaa karibu naye utazame mikono. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kuitazama, nikaishia kutazama mkeka.

Mwenye mama au bibi wa bondeni anayeujua ule mstari mweusi, aandike hapa chini. Matusi pia nayapokea, yananistahili. Siombi kwa ajili ya tablo nyingine, brashi nimeziweka kando.

Gunia bado ninalo. Nikishaweza kuusuka sijui nitampelekea wapi, maana kaburi halifunguliwi.