Aliyegonga Mlango wa Zamda

Zamda ni fundi cherehani pale sokoni Mchikichini. Kazi yake kubwa ni kupunguza mitumba. Gauni lililokuja pana kama shuka analifinya hapa, analikata pale, mpaka linamkaa binti wa Ilala kama kashonewa. Mimi nauza viatu, meza ya pili kutoka kwake. Haya ninayoyasimulia mengine nimeyaona kwa macho, mengine kaniambia mwenyewe.

Severine alimjia mara ya kwanza akitafuta suti kuukuu ya mwigizaji wake. Alikuwa anatengeneza filamu, hizi ambazo watu wanaangalia kwenye simu. Mrefu, maneno laini, kofia haimtoki kichwani. Kesho yake akarudi bila nguo mkononi. Akarudi tena, na tena, mpaka tukamzoea. Wakati huo Zamda alikuwa na mume, Idrisa, dereva wa malori ya Tunduma, mtu mpole asiye na makuu.

Simtetei Zamda. Alimpenda yule mwanaume wa filamu kupita kiasi. Lakini penzi la Severine ndilo lilikuwa la kutisha. Alipiga simu hata Zamda akiwa na wateja, na isipopokelewa anatokea mwenyewe, jasho linamtiririka, anauliza yuko na nani. Siku moja Idrisa akiwa safarini, Severine alikwenda mpaka Buguruni, kwenye chumba alichopanga Zamda na mumewe, akagonga mlango mchana kweupe huku majirani wanamtazama.

"Zamda, fungua! Najua umo ndani! Usipofungua nalala hapa hapa!"

Kweli akalala kizingitini, mvua ikamnyeshea. Zamda alikuwa ndani, amevaa gauni lake la kijani, ameshika komeo, analia. Mwishowe akafungua.

Idrisa alipoambiwa hakugombana na mtu. Alikusanya nguo zake, akatoa talaka, akaondoka.

Basi Zamda akabaki na Severine, na akamfungulia moyo wote. Alimwambia hata habari za mama yake aliyeko Kilwa. Yule mama aliachwa na mume, akili ikayumba, akawa anazunguka mitaani akimwita mumewe kwa jina. Baadaye alipona. Jambo hilo Zamda hakuwahi kumwambia mtu yeyote hapa mjini. Mimi mwenyewe, pamoja na ujirani wetu, sikulijua.

Kidogo kidogo Severine akapoa. Simu zikapungua, akawa na shughuli nyingi za filamu mpya. Siku aliyotokea tena, Zamda aling'aa kama bibi harusi.

"Nishonee gauni," Severine akamwambia. "Kama lile lako la kijani la siku ile ya mvua."

"La nani?"

"La mwigizaji. Mwili wake kama wako. Tumia vipimo vyako tu."

Zamda akacheka. Aliona ni mapenzi hayo, kwamba mwanaume bado anaikumbuka nguo aliyovaa. Sijawahi kumuona akishona kitu kwa uangalifu vile. Alitia lesi shingoni, akaifumua, akaitia upya.

Filamu ilipotoka, Anifa, muuza chai wetu, alikuja mbio na simu yake. "Jamani njooni mumuone mwanamke kichaa!"

Tukajazana, Zamda naye akasogea. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke mwenye gauni la kijani, amelowa, anagonga mlango. "Fungua! Najua umo ndani! Usipofungua nalala hapa hapa!" Ndani kulikuwa na mwanaume mstaarabu, amemkumbatia mke wake, anatetemeka. Kisha jirani mmoja kwenye filamu akasema, "Ni ukoo wao. Hata mama yake alikuwa anazunguka mitaani anaita mume."

Watu wakaangua kicheko. Zamda akaweka mkasi chini, akatoka, akaacha kitambaa cha mtu chini ya sindano.

Maneno yale yakasambaa mjini. Wamachinga wa Kariakoo wakayafanya tangazo: "Mama, fungua pochi! Najua zimo ndani!"

Zamda alipopata nguvu ya kumtafuta Severine, aliniomba nimsindikize. Tulimkuta kwenye mgahawa mmoja Kariakoo, anakunywa supu.

"Aliyegonga mlango nani, Severine?"

"Zamda, ile ni filamu. Mwanamke akichanganyikiwa watu wanaangalia. Mwanaume akilia mlangoni nani atamtazama?"

"Na mama yangu?"

Alikoroga supu yake. "Jina sijalitaja."

"Gauni umenishonesha mimi mwenyewe."

"Lilikuwa zuri sana," akasema, na nadhani kweli alikuwa anamsifu.

Nilitamani amwagiwe ile supu. Zamda aliwageukia watu waliokuwa wanakula. "Jamani, huyu ndiye aliyelala kizingitini kwangu analia. Mimi ndiye niliyefungua."

Kijana mmoja akainua simu, akaanza kumrekodi. "Kumbe yule kichaa ni wewe?" Meza nzima ikacheka. Nikamshika Zamda mkono tukatoka.

Filamu ikafika mpaka Kilwa, watu wakamtambua mama yake. Mdogo wake Zamda alipiga simu kusema watoto wa mtaani wanamfuata bibi wa watu kisimani, wanamwigiza. Zamda alikwenda, akakaa huko mpaka nikadhani hatarudi. Alirudi amekonda. Anashona kama zamani, ila mtu akimtajia mavazi ya filamu anamwambia aende kwa fundi mwingine.

Wiki iliyopita, tukiwa tunakula mchana, alizungumza bila kuulizwa.

"Kuachwa ningezoea, dada. Lakini siku ile ninamweleza ya mama, alinishika mkono, machozi yakamtoka. Sasa najiuliza, alikuwa ananihurumia, au alikuwa anakariri?"

Chakula chake hakukimaliza.