Mama Kipaza Aingia Mianzini

Mwanzi ulichomoza jikoni kwa Mama Kipaza, nyuma ya gunia la mkaa, ukapasua sakafu kama ganda la yai. Wa kwanza kuuona alikuwa wifi yake, aliyedhani ni nyoka akapiga ukunga. Mama Kipaza akaja mbio, mwiko mkononi, akainama na kuukodolea macho: kitu kinene chenye ncha, kimejifunika maganda ya kahawia, kimesimama wima kama mgeni asiyejua hodi.

"Wifi, huyu si nyoka," alisema. "Huyu katoka kwa hao majirani zetu wa bustani. Leo watanitambua."

Jina la Kipaza hakulipata bure. Miaka mingi aliuza mitumba sokoni, na sauti yake ndiyo iliyokuwa bango lake. Akianza kuita wateja, wauza vyombo upande wa pili walifunga midomo wakasubiri amalize. Kisha soko likahamishiwa ng'ambo ya mji, magoti yakaigomea safari, na haukupita muda mumewe, fundi viatu mpole asiyekuwa na maneno mengi, akafariki usingizini. Akabaki na wifi yake, dada wa marehemu, katika nyumba ya vyumba viwili na redio iliyolia kutwa kucha. Aliongea akipika, aliongea akifua, akikosa mtu aliongea na kuku.

"Kaka yangu alijifanya hasikii mpaka akaenda zake," wifi alimtania. "Sasa zamu imeniangukia mimi."

Walicheka wote wawili, lakini redio hakuna aliyeizima.

Bustani yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta wao, kwenye bonde ambalo zamani lilikuwa jalala. Kila mvua, kijito cha pale kilikuwa kikimega kingo zake na kusogelea vyoo vya watu. Ndipo wakaja watu wa uhifadhi, wakazoa taka, wakapanda mianzi ya kila aina ili ishike udongo, wakachonga vijia vya kupitisha wanafunzi na watalii. Mama Kipaza hakuwahi kukanyaga huko. Akatazame fito, kwani hajawahi kuona fito?

Siku hiyo alikanyaga. Mkuu wa bustani, msomi wa mimea, alikuwa bwana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alimsikiliza mpaka pumzi zikamwishia, kisha akamfuata hadi jikoni, akachuchumaa mbele ya kile kichipukizi.

"Kosa ni letu, mama," alisema. "Aina hii hutambaa chini kwa chini. Tulipaswa kuizuia kabla hatujaipanda karibu na ukuta."

"Unasemaje? Paza sauti, baba, mi sisomi midomo."

Akarudia. Mama Kipaza, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, akajikuta hana wa kupigana naye.

Mkuu aliahidi kuchimba mtaro mrefu kando ya ukuta na kuuzibia kwa mabati, na kweli wachimbaji walikuja. Mama Kipaza naye akaja, na kigoda chake. "Hapo hujachimba, umekuna tu!" aliwapigia kelele. Wao wakacheka, yeye akawaletea chai, na kesho yake wakamuuliza kwa nini amechelewa.

Mtaro ulikuwa umefika nusu pale shule moja ilipoleta watoto. Mtembeza wageni alikuwa na homa, kwa hiyo mkuu aliwapokea mwenyewe. Wa mbele walimsikia kidogo. Wa nyuma walisukumana, na mmoja akaanza kubembea kwenye mwanzi. Uvumilivu ukamshinda Mama Kipaza.

"Nyie! Huyo anaongea na nyie au na mianzi?"

Aliyekuwa akibembea akaachia mwanzi. Hata ndege walinyamaza. Mkuu akamgeukia kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani.

"Mama, tafadhali... ungenisaidia?"

Basi, mmoja akawa ananong'ona, mwingine anatangaza.

"Mwanzi ni wa jamii ya nyasi," alisema mkuu.

"Huu mnaouona unapita paa la nyumba ni nyasi! Ndugu yake analiwa na mbuzi!"

"Mizizi yake hushikana, ikazuia udongo usisombwe na maji."

"Huko chini wameshikana mikono kama nyie mkivuka barabara! Mvua ije, isije, hawaachiani!"

"Tafadhali wasivunje vichipukizi."

"Na atakayevunja kichipukizi nitamfuata mpaka kwao!"

"Hilo sikulisema," mkuu alinong'ona.

"Nimekuongezea."

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Walipoondoka, mwalimu wao aliuliza kama yule mama atakuwepo tena muhula ujao. Mkuu akamwajiri.

Alijifunza upesi, kwa kuuliza bila aibu. Lakini wapo wageni waliosafiri mbali kuja kusikia upepo tu, na hao wakaanza kulalamika. Siku moja mkuu akamwita ofisini, akapanga na kupanga tena kalamu zake mezani.

"Wengine, mama, huja hapa kutafuta utulivu."

"Sema tu unanifukuza."

"Sikufukuzi. Nakuomba uingie katikati ya kichaka kikubwa, ukae. Usiongee. Nitakuja kukuita."

Aliingia kama anayepelekwa rumande, akakaa kwenye benchi huku akisonya. Mwanzoni aligombana na mkuu moyoni, akamshinda. Kisha hoja zikamwishia. Juu, upepo ulipita kwenye majani, na mianzi ikasuguana, ikalia polepole kama mlango wa nyumba ya zamani. Hapo kikamjia kile alichokuwa akikikimbia kwa redio: mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, anapaka nta uzi wa kushonea, hasemi neno. Miaka yote ile alimwona mtu yule hana la kusema. Sasa aliona kwamba ule ukimya ulikuwa namna yake ya kukaa pamoja naye. Akalia, bila sauti, mpaka kola ya gauni ikalowa.

Mkuu alikuja, akamwona, akarudi akinyata. Alipokuja tena jua lilikuwa limeshapinda.

"Twende, mama?"

"Bado kidogo."

"Unasemaje?" mkuu aliuliza, akiinama, maana hakumsikia.

Asidhani mtu kwamba alibadilika akawa mwingine. Wanafunzi waliendelea kumsikia kutoka barabarani. Ila kwa wageni wa utulivu alisema yote getini, akamaliza: "Humo ndani sisemi, na nyie msiseme," akatangulia. Kijito kilikaa kwenye kingo zake. Majirani ambao vyoo vyao vilitaka kuporomoka walipewa miche, na yeye ndiye aliyewaonyesha wapi wapande ile inayokua kwa mafungu na wapi wasithubutu kupanda ile inayotambaa.

Siku moja ya mapumziko alimchukua wifi yake kumtembeza. Wakakaa kwenye benchi la kichakani.

"Mwenzangu, unaumwa?" wifi aliuliza. "Tangu tumekaa hujasema neno."

"Sikiliza tu."

Wifi akasikiliza. Baada ya kitambo akasema, "Unajua kaka yangu alichelewa sana kuongea? Mama alidhani kazaa bubu."

"Hakuwahi kuniambia."

"Angekuambia saa ngapi?"

Mama Kipaza akaangua kicheko hadi ndege wakaruka kutoka mianzini, na wageni wawili waliokuwa njiani wakageuka kutazama. Alicheka, akajifuta macho, kisha akamsogelea wifi yake mpaka mabega yakagusana.

"Niambie mengine," alisema. "Polepole. Leo sikukatizi."